Mtoto mchanga na tundu ambalo daktari hataki lizibe

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya jumuiya, ya msikitini na ya mtaa, ujumbe huu umeshazoeleka: mtoto kazaliwa na tundu kwenye moyo, familia inaomba mchango, namba ya simu hii hapa. Watu huchanga. Kisha hufuata maswali ambayo hayajibiwi hadharani. Mbona mtoto wa fulani naye alikuwa na tundu, akaambiwa arudi baada ya miezi sita, na leo anacheza mpira? Mbona huyu tuliambiwa kazaliwa salama, ana kilo tatu na nusu, kalia vizuri, halafu siku ya nne akabadilika rangi na kufariki kabla mchango haujakamilika? Hapo lawama huanza: manesi wamezembea, kuna mtu kamtazama mtoto kwa jicho baya, mama alimeza dawa gani sijui.

Jibu lipo, na ndani yake kuna jambo linaloshangaza wengi. Katika hitilafu nyingi za moyo zinazoua watoto ndani ya wiki ya kwanza, hatari haitokani na tundu. Inatokana na kuziba. Daktari anayempokea mtoto wa aina hiyo hana haraka ya kufunga chochote. Anapigana kuacha wazi njia ambayo mwili wenyewe unataka kuifunga, na pengine atatoboa nyingine kwa makusudi.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Hitilafu ya moyo ya kuzaliwa nayo ni kasoro ya umbile la moyo, au la mishipa mikubwa iliyoungana nao, iliyotokea mtoto alipokuwa akiumbika tumboni. Haiambukizi. Si presha, wala si ule ugonjwa unaoanza na koo kuuma kwa mtoto wa shule, kisha ukaharibu taratibu valvu, yaani vilango vya moyo. Huo mtu huupata baada ya kuzaliwa, na kinga yake ni kutibu koo mapema. Takriban mtoto mmoja kati ya 100 wanaozaliwa hai ana hitilafu ya aina fulani. Wengi wana kasoro ndogo. Karibu robo yao ndio wenye hitilafu kubwa, wanaohitaji upasuaji au tiba nyingine ya moyo ndani ya mwaka wa kwanza, na miongoni mwao wapo wanaoihitaji ndani ya siku chache. Makala hii inawahusu zaidi hao wa mwisho.

Sote tulizaliwa na tundu

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Viwili vya kushoto huipokea ikitoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima kupitia mshipa mkubwa uitwao aota. Damu ikimaliza mzunguko mmoja huingia mwingine, na haichoki mpaka siku ya mwisho.

Tumboni mambo ni tofauti. Mapafu ya mtoto yamejaa maji na hayana kazi ya kupumua. Oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Hakuna sababu ya kupeleka damu yote mapafuni. Kwa hiyo kila mtoto, awe mzima au mgonjwa, huumbwa na njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kitundu chenye kifuniko kati ya vyumba viwili vya juu. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota, ambao madaktari huuita duktasi.

Pumzi ya kwanza hubadilisha kila kitu. Mapafu hujaa hewa, shinikizo ndani yake hushuka, damu humiminika huko. Kifuniko cha kitundu cha juu husukumwa kikajibana. Duktasi nayo huanza kusinyaa ndani ya saa chache, na kwa watoto wengi waliotimiza miezi yao huwa imefunga ifikapo siku ya pili au ya tatu. Kwa mtoto njiti inaweza kubaki wazi kwa wiki kadhaa, lakini hilo ni tatizo la namna nyingine, na lina dawa zake.

Wanaoijua njia ya Mwanza kwenda Sengerema watalielewa hili upesi. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi, kila gari lilivushwa na kivuko. Daraja likikamilika kivuko hakina kazi tena, na hakuna anayesikitika kikiondolewa. Sasa chukulia kwamba siku ya kukiondoa kivuko imefika, ratiba imeshapangwa, lakini daraja lina nguzo pande zote mbili na katikati hakuna kitu. Duktasi ndiyo kivuko. Mwili wa mtoto hauna mtu wa kukagua daraja kwanza. Siku ikifika, kivuko kinasimama.

Ndiyo maana mtoto huyu huzaliwa mzuri. Uzito mzuri, kilio kizuri, ananyonya. Tumboni hakuwa na shida yoyote, na saa za mwanzo kivuko bado kinavusha. Muuguzi aliyeandika kwenye kadi kwamba mtoto ni mzima hakudanganya.

Kivuko kinabeba nini

Si kila hitilafu kubwa inafanana na nyingine, na tofauti hii ndiyo inayoamua dalili na tiba.

Kwa baadhi ya watoto, njia ya kwenda mapafuni ndiyo iliyoziba. Valvu ya mshipa wa mapafu haikufunguka, au chumba cha chini cha kulia hakikukua, au ni ile hali ya kasoro nne kwa pamoja inayoitwa Fallot, kwa jina la daktari wa Marseille aliyeieleza kwa kina mwaka 1888, inapokuwa kali sana. Damu kidogo inayofika mapafuni inatoka kwenye aota na kurudi nyuma kupitia duktasi. Duktasi ikifunga, mtoto anakuwa bluu.

Kwa wengine, njia iliyoharibika ni ya kwenda mwilini. Aota imebana kama iliyokabwa, au imekatika kabisa, au upande wote wa kushoto wa moyo ulibaki mdogo usioweza kazi. Hapa upande wa kulia ndio unaosaidia kusukuma damu ya mwili, kupitia duktasi hiyohiyo. Ikifunga, mtoto hawi bluu sana. Anapauka, anakuwa wa kijivujivu, miguu inapoa, anaacha kunyonya, anapumua mbiombio, na mapigo ya mshipa kwenye kinena hayashikiki. Picha hii inafanana mno na maambukizi kwenye damu, ambayo kwa kweli ni ya kawaida zaidi kwa watoto wachanga kuliko moyo mbovu. Daktari anayeanza antibiotiki hajakosea. Kosa ni kuishia hapo, bila kushika kinena wala kupima oksijeni mguuni.

Kundi la tatu lina mtego wake. Mishipa miwili mikubwa imebadilishana nafasi: aota inatoka upande wa kulia, mshipa wa mapafu unatoka kushoto. Matokeo yake damu ya mwili inazunguka mwilini tu bila kupita mapafuni, na damu ya mapafu inazunguka mapafuni tu bila kufika mwilini. Mizunguko miwili isiyokutana. Mtoto anaishi kwa kiasi kile ambacho damu hizo mbili zinachanganyika, na pa kuchanganyikia ni kitundu cha juu na duktasi. Huyu huanza kuwa bluu mapema, mara nyingi siku ileile ya kuzaliwa, na inawachanganya watu kwa sababu hahangaiki sana kupumua. Yupo kimya, bluu, anakutazama.

Wapo pia watoto ambao mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni imeungana mahali pasipo pake na kubanwa njiani. Hao hawasaidiwi na njia ninazozieleza hapa chini; kwao ni chumba cha upasuaji moja kwa moja.

Rangi ya bluu kwenye ngozi yetu

Vitabu vingi viliandikwa kwa kuangalia watoto weupe. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, ukisubiri uso ugeuke bluu utakuwa umechelewa. Pa kuangalia ni ulimi, fizi na ndani ya midomo, kwenye mwanga wa mchana. Viganja na nyayo kuwa na ububluu katika siku ya kwanza ni kawaida kwa mtoto mzima, hasa akiwa na baridi. Ulimi wa bluu haujawahi kuwa kawaida.

Jicho lenyewe halitoshi, na kifaa kinacholisaidia tumeshakizoea tangu Covid: ile mashine ndogo ya kubana kidoleni, oksimita. Kwa mtoto mchanga hufungwa mkono wa kulia na mguu mmoja, kuanzia saa 24 baada ya kuzaliwa. Mkono wa kulia kwa sababu mshipa wake unachomoka kwenye aota kabla ya pale duktasi inapoungana nayo. Mguu kwa sababu damu yake inapita baada ya hapo. Namba zikiwa 95 na kuendelea, na mkono na mguu havipishani zaidi ya 3, ni dalili njema. Chini ya 90 ni dharura. Katikati ya hapo, kipimo hurudiwa. Marekani iliingiza kipimo hiki kwenye orodha yake ya uchunguzi wa watoto wote wachanga mwaka 2011.

Kina mapungufu. Aota iliyobana kinaweza kuikosa. Na imethibitika kwamba oksimita huweza kusoma juu kidogo ya ukweli kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namba inayoelea mpakani isipewe faida ya shaka. Lakini tatizo kubwa kwetu ni jingine: Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, na akina mama wengi huruhusiwa kabla ya hapo kwa sababu kitanda kinamngoja mwingine. Wanaporudi nyumbani, kivuko bado kinavusha.

Nyumbani dalili za kuangalia ni chache na hazihitaji kifaa. Mtoto anayenyonya kidogo, anaachia, anahema, anarudia, huku jasho likimtoka kwenye paji la uso, anafanya kazi kubwa kuliko inavyostahili. Pumzi zaidi ya 60 kwa dakika akiwa ametulia. Miguu ya baridi wakati kifua kina joto. Mtoto aliyekuwa akilia kwa njaa halafu siku ya tatu akawa mpole kupita kiasi. Bibi atasema kanyamaza kwa kuwa kashiba. Mpelekeni hospitali.

Dawa ya kukizuia kivuko kisisimame

Hadi miaka ya 1970 mtoto wa aina hii alikuwa kwenye mbio za kufikishwa mezani kwa daktari wa upasuaji kabla duktasi haijafunga, na mara nyingi duktasi ilishinda. Katikati ya muongo ule madaktari walianza kutumia prostaglandini E1, kemikali ya jamii ileile ambayo ndiyo inayoiweka duktasi wazi mtoto akiwa tumboni. Ikitiwa kwa dripu mfululizo, bila kukatika, huilegeza duktasi. Kwa mtoto aliyekuwa wa kijivujivu, mapigo ya kinena yanaweza kurudi ndani ya muda mfupi, wakati mwingine hata kama duktasi ilikuwa karibu imefunga kabisa.

Haiponyi. Inanunua siku: za kumfanyia mtoto kipimo cha ECHO, yaani ultrasound ya moyo, za kumsafirisha, za figo na ini lake kupata nafuu ili aingie chumba cha upasuaji akiwa na nguvu. Nayo ina gharama yake mwilini. Huleta homa, hushusha presha, na baadhi ya watoto huacha kupumua ghafla, kwa hiyo anayeianza dawa hii lazima awe tayari kumpumulisha mtoto. Inatunzwa kwenye friji. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani, na kwa maoni yangu ingestahili kuwamo kwenye friji ya kila hospitali ya rufaa ya mkoa, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia, kabla hatujaanza kuzungumzia mitambo mikubwa zaidi.

Hapa pia ndipo oksijeni inapoeleweka vibaya. Ndugu wanaona mtoto wa bluu na mtungi uko kando, wanauliza kwa nini haufunguliwi mpaka mwisho. Ikiwa damu haifiki mapafuni, oksijeni iliyojaa mapafuni haina wa kuichukua. Zaidi ya hapo, oksijeni nyingi ni mojawapo ya ishara zinazoiambia duktasi ijifunge. Kwa wengi wa watoto hawa daktari hulenga kusomeka kati ya 75 na 85 tu. Mzazi akiona mashine inaonyesha 80 na daktari ametulia, asidhani ametelekezwa. Mtungi wafungue kwa kiasi watakachoona wao.

Kutengeneza tundu kwa makusudi

Agosti 1938, huko Boston, daktari Robert Gross alifanikiwa kuifunga duktasi iliyogoma kujifunga kwa msichana wa miaka saba. Ilikuwa sifa kubwa. Miaka michache baadaye akafuatwa na Helen Taussig, daktari wa watoto wa Baltimore, aliyekuwa na swali la kinyume. Taussig alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia na akajizoeza kusoma mapigo ya moyo kwa vidole. Alikuwa amegundua kwamba watoto wenye Fallot huwa na nafuu duktasi ikiwa wazi, na hali hubadilika ikifunga. Je, Gross hawezi kutengeneza duktasi badala ya kuifunga? Gross hakuvutiwa.

Aliyevutiwa ni Alfred Blalock wa Hospitali ya Johns Hopkins, na kazi ya kuibuni njia hiyo maabara, kwa kuwafanyia mbwa mmoja baada ya mwingine, ilifanywa kwa sehemu kubwa na msaidizi wake Vivien Thomas, kijana mweusi aliyekuwa fundi seremala, ambaye akiba yake ya kusomea udaktari iliteketea benki zilipoanguka. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15 huku Thomas amesimama nyuma yake juu ya kigoda, akimwelekeza. Walichukua mshipa wa mkono na kuuelekeza kwenye mshipa wa mapafu. Midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Mtoto yule hakuishi muda mrefu, lakini maelfu waliofuata waliishi. Upasuaji ukaitwa kwa majina ya Blalock na Taussig. Jina la Thomas limeongezwa baada ya miongo mingi, ingawa Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima mwaka 1976.

Upasuaji huo bado upo. Siku hizi hutumika kibomba cha plastiki maalumu chenye upana wa milimita 3 hadi 4. Mahali pengine duktasi yenyewe huwekewa stenti, kibomba cha waya kinachoingizwa kupitia mshipa bila kufungua kifua. Kwa lugha tuliyoizoea kwenye taarifa za habari za Dar es Salaam, huo ndio upasuaji wa tundu dogo kwenye mtambo wa Cathlab.

Kwa watoto ambao mishipa yao imebadilishana nafasi, hatua ya kwanza mara nyingi ni kupanua kitundu cha juu. William Rashkind wa Philadelphia alionyesha mwaka 1966 kwamba waya mwembamba wenye kipira kwenye ncha unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa kinena, ukaingia chumba cha juu cha kulia, ukapenya kitundu hadi kushoto. Kipira kinajazwa maji, kisha kinavutwa kwa mvuto mmoja wa haraka. Kitundu kinachanika, damu zinachanganyika, na mtoto aliyekuwa 50 anasoma 80. Leo hufanyika hata kando ya kitanda kwa kuongozwa na ECHO.

Kisha inakuja tiba yenyewe. Adib Jatene wa São Paulo, Brazil, mwaka 1975, alifanikiwa kuikata mishipa yote miwili na kuirudisha kila mmoja mahali pake. Ugumu hauko kwenye mishipa mikubwa. Uko kwenye miwili midogo inayoulisha moyo wenyewe, yenye upana wa milimita moja au mbili, ambayo lazima ihamishwe bila kupinda. Upasuaji huu una tarehe ya mwisho. Chumba cha chini cha kushoto, kikiwa kinasukuma damu ya mapafuni tu ambako shinikizo ni dogo, hupoteza misuli ndani ya wiki chache. Ukikirudishia aota baada ya hapo, hakiwezi. Kwa hiyo ule ushauri wa huruma kwamba mtoto bado mdogo, mwacheni akue kidogo kwanza, kwa mtoto huyu ni wa hatari. Akifanyiwa ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo katika kituo kizuri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona, na wengi hukua bila kikwazo cha maana.

Mtoto wa kilo tatu ana damu ya takriban robo lita mwili mzima. Mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi ya viungo hivyo viwili wakati wa upasuaji, haiwezi kuanza kwa mtoto wa ukubwa huo bila kujazwa kwanza damu ya mtu mwingine. Wale ndugu kumi waliokaa kwenye benchi nje ya wodi wakiuliza wasaidie nini, waende benki ya damu.

Wenye nusu ya moyo

Mtoto ambaye upande wote wa kushoto haukukua hawezi kutengenezewa moyo wa vyumba vinne. Hufanyiwa upasuaji mara tatu: siku za mwanzo, kisha akiwa na miezi minne hadi sita, kisha kati ya miaka miwili na minne, ili chumba kimoja kibaki na kazi ya kuusukumia mwili damu, na damu chafu iteremke yenyewe mapafuni bila pampu. Hatua ya kwanza ina jina la William Norwood wa Boston, aliyeifanikisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ya mwisho ina jina la Francis Fontan wa Bordeaux, Ufaransa.

Hata katika vituo bora duniani, watoto kadhaa hawafiki hatua ya tatu. Kwenye nchi nyingi zenye uwezo mdogo, njia hii haipo, na kinachotolewa ni huduma ya kumpunguzia mtoto mateso akiwa mikononi mwa mama yake. Ni uamuzi wa tiba kama mwingine. Familia inayouambiwa kwa upole na ukweli inatendewa haki kuliko inayohamasishwa kuuza shamba kwa safari ambayo madaktari wenyewe hawaiamini.

Wale wanaoambiwa wasubiri

Turudi kwa yule anayecheza mpira. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote, na mengi huziba yenyewe katika miaka ya mwanzo. Tundu kubwa haliui siku ya nne, kwa sababu shinikizo la mapafu bado liko juu na damu haijaanza kumiminika upande usio wake. Dalili huja kati ya wiki ya nne na ya nane: jasho, kuhema, uzito kugoma. Hapo kuna dawa za kupunguza maji mwilini, maziwa yenye nguvu zaidi, na upasuaji wa kupangwa ndani ya miezi.

Kuna mtego mmoja unaoniudhi kwa sababu unafanana na habari njema. Mtoto mwenye tundu kubwa aliyekuwa akihema na kulazwa kila mwezi, anafika mwaka wa pili na kutulia. Anaongezeka uzito. Familia inashukuru, kliniki inaachwa. Kumbe mishipa ya mapafu, baada ya kupigwa na damu nyingi mno kwa muda mrefu, imekuwa migumu na kuizuia damu. Hali hii ikikomaa damu hugeuza mwelekeo, mtoto mkubwa anaanza kuwa bluu, na tundu haliwezi kuzibwa tena kwa usalama. Nafuu isiyo na maelezo ya daktari ni sababu ya kwenda kliniki, si ya kuiacha.

Katikati ya mahangaiko hayo mtoto wa kuhema na kukohoa hupelekwa kukatwa kimeo, au kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, au hunyweshwa dawa za mchango. Kukata kimeo kwa wembe kwa mtoto ambaye moyo wake umeshalemewa humwongezea kutoka damu na maambukizi, na tundu linabaki palepale. Chanjo, kwa upande mwingine, anazihitaji zote, maana nimonia ya kawaida kwake si ya kawaida.

Na mama. Moyo wa mtoto huwa umeshaumbika ifikapo wiki ya nane ya ujauzito, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanahesabu siku zao. Kubeba ndoo, kugombana na wifi, kutazamwa na jirani, hakuna kinachopanga vyumba vya moyo. Yapo mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano: rubela kwa mama katika miezi ya mwanzo, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa za kifafa na za chunusi. Karibu nusu ya watoto wenye Down syndrome huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wote wapimwe ECHO. Lakini kwa familia nyingi hakuna sababu inayopatikana hata ikitafutwa. Aliyewahi kupata mtoto mmoja wa hivi ana uwezekano wa takriban 2 hadi 5 kati ya 100 wa kupata mwingine, kwa hiyo mimba inayofuata ifanyiwe ultrasound ya moyo wa mtoto kwenye wiki ya 18 hadi ya 22. Kasoro ikijulikana mapema, mama anajifungulia karibu na wanaoweza kuitibu.

Kambi haimngoji mtoto wa siku tatu

Zamani jibu letu lilikuwa India. Sasa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili na kujitegemea tangu 2015, hufanya upasuaji wa kufungua kifua kwa watoto, Uganda ina taasisi yake Mulago, Nairobi ina vituo kadhaa, na watoto wa Zanzibar wamekuwa wakipelekwa Holon, Israel, kupitia shirika la Save a Child's Heart. Maendeleo ni ya kweli. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika kwenye kambi maalumu, madaktari wa nje wanapokuja kufanya kazi na wenyeji kwa siku kadhaa. Kwa mtoto wa miezi minane mwenye tundu kubwa, au wa miaka miwili mwenye Fallot, kambi ya mwezi ujao ni ukombozi. Mtoto ambaye duktasi yake inafunga Jumanne hana mwezi ujao. Huyo anahitaji timu ya wenyeji inayoamka usiku, ICU ya watoto wachanga yenye nafasi, na njia ya kumfikisha.

Njia hiyo huanzia mbali, Kigoma au Songea, mikononi mwa watu wasio na ECHO. Wanachoweza ni kikubwa. Simu ipigwe kwa kituo cha moyo kabla gari halijawashwa, maana kitanda kinaweza kisiwepo na ushauri unaweza kuanza palepale. Mtoto apashwe joto, ngozi kwa ngozi ikiwezekana, na sukari ipimwe, kwa sababu baridi na sukari kushuka humuua njiani kabla ya moyo. Prostaglandini ikiwepo ianzishwe kabla ya safari, na anayemsindikiza ajue kumpumulisha kwa mfuko. Mzazi aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ileile anayofika. Msamaha wa gharama hupitia kwake, si kwenye grupu la WhatsApp. Na kwenye karatasi ya rufaa, kabla ya jina la ugonjwa ambalo pengine hakuna mwenye uhakika nalo, iandikwe saa aliyozaliwa, namba ya oksimita ya mkono wa kulia, namba ya mguu, na saa dawa ilipoanza.